Alama Zimeandikwa Kabla Hajaketi

Binti aliingia chumbani, hapa Hola, pindo la buibui limelowa tope. Ilikuwa mwishoni mwa 2023, mafuriko yamekata barabara, naye ametoka upande wa Garsen, kipande kwa mtumbwi, kipande kwa bodaboda. Aliomba kazi ya kukusanya taarifa za magonjwa ya mifugo vijijini. Mimi nilikuwa joponi. Mwenzangu wa kushoto aliandika 3 kati ya 10 kwenye sehemu ya “unadhifu na kujiamini” binti hajavuta hata kiti. Niliona, nikanyamaza. Aibu hiyo ninayo hadi leo.

Tukamwambia ajieleze, tena kwa Kiingereza. Akajibu kwa maneno machache, macho chini. Ikaandikwa: hajiamini. Nani katika kaunti hii asiyejua kwamba binti wa Kiorma aliyelelewa vizuri hamkodolei macho mzee? Tulimwadhibu kwa adabu yake! Kazi akapewa kijana wa tai na Kiingereza cha kutiririka. Haikupita miezi mingi wafugaji wakaacha kumpigia simu, maana hakuweza kutofautisha sotoka ya mbuzi na homa ya mapafu.

Ndugu zangu mnaokaa kwenye majopo, mji huu una sababu ya kuogopa maelezo ya kwanza. Tarehe 3 Machi 1959 watu 11 waliokuwa kizuizini waliuawa kwa kipigo katika kambi ya Hola. Taarifa ya kwanza ya wakoloni ilidai walikufa baada ya kunywa maji. Miili ilipochunguzwa, uongo ukaanguka. Silinganishi usaili na mauaji yale. Nasema anayeishi hapa hana udhuru wa kuridhika na jambo la kwanza analoambiwa, hata kama aliyemwambia ni macho yake mwenyewe.

Katiba, kifungu cha 232, inataka ushindani wa haki na sifa za mtu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inadai angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia ziende kwa wasiotoka katika jamii kubwa ya kaunti. Sawa. Lakini jina husomwa kabla ya cheti: huyu Mpokomo, yule Mworma, huyu Mwardei. Na tangu damu ilipomwagika Delta ya Tana mwaka 2012, katika mapigano ya kikabila, hakuna jina linalosomwa hivi hivi.

Basi futeni hicho kisanduku cha unadhifu! Waulizeni wote maswali yaleyale. Kila mwanajopo aandike alama na sababu yake kabla ya kunong’onezana na jirani. Anayeomba kazi ya pampu apewe pampu iliyokufa na spana. Karani apewe daftari lenye makosa. Atakayeshinda na wafugaji akisema Kiorma na Kiswahili, mnampima kwa Kiingereza cha dakika tano ili mjue nini? Wala msiniambie muda hautoshi.

Siku ile, nje ya lango letu, palikuwa na mbuzi chini ya mwarobaini. Hatua ishirini tu, na tungemjua binti huyo. Binti alitoka, akafika pale, akainama, akamshika mmoja taya na kumfunua mdomo, akaangalia fizi. Kisha akafuta mikono kwa buibui lake, akaelekea stendi.