Wanaotisha Si Mizimu

Picha za hospitali za magonjwa ya akili zilizogeuka mahame, hasa zile za Marekani, zinapendwa sana na vijana wa rika letu. Zinapita kutoka simu hadi simu: korido ndefu yenye rangi iliyobanduka, kiti cha magurudumu kilichoachwa peke yake, kitanda cha chuma kilichoota kutu. Na maoni ni yale yale. "Hapo pana mizimu." "Mnanilipa ngapi nilale humo?" Wengine, wale wanaojiona wasanii, husifu mwanga wa dirishani. Ninayapinga maoni ya aina zote mbili, na yale ya mizimu ninayapinga zaidi.

Tuitazame Willard, katika jimbo la New York. Ilifunguliwa mwaka 1869, ikafungwa 1995. Ilipofungwa, wafanyakazi walikuta darini masanduku ya safari yapatayo 400, mali ya wagonjwa walioingia nayo na hawakutoka nayo. Mpigapicha Jon Crispin aliyapiga picha yakiwa wazi, na ndani yake mna nguo, barua, picha za jamaa. Kwenye makaburi ya hospitali hiyo wamelala watu zaidi ya 5,000, wengi wao chini ya namba badala ya jina. Mchimbaji mmoja, naye mgonjwa, alichimba makaburi yapatayo 1,500 kwa muda wa miaka 30 hivi. Sasa niambieni, wanafunzi wenzangu, mzimu unatafuta nini hapo? Mambo ya kutisha yalifanywa na watu hai, wenye mishahara na daftari la kuandikia namba.

Huko Weston, West Virginia, jengo lililokusudiwa wagonjwa 250 lilifikia kuwa na wagonjwa wapatao 2,400 katika miaka ya 1950. Lilifungwa 1994. Leo watu hukata tiketi kuingia humo usiku kutafuta mizuka. Aliyeteseka akiwa hai anauzwa tena akiwa amekufa.

Sisi wa Kiswahili tuna la kujibu hapa kuliko wenzetu wa idara nyingine. Wazimu na mzimu ni maneno ya shina moja. Lugha yetu ilikwisha kumweka mgonjwa jirani na wafu kabla hata kamera haijabuniwa. Na tukimwita kichaa, tunampa kiambishi kile kile cha kiti na kijiko, kama tulivyofanya kwa kipofu na kiziwi. Najua upatanisho wa kisarufi humrudisha kwenye ngeli ya watu. Tunasema kichaa amekuja, si kimekuja. Lakini jina limebaki lilivyo. Kwa hiyo anayeona korido tupu na kutaja mizimu hajabuni kitu, amerudia tu alichofundishwa.

Nimeambiwa kwamba bila picha hizi tusingejua lolote. Kweli, na Crispin namheshimu, kwa sababu masanduku yake yanakulazimisha umfikirie mtu mwenye soksi na mama. Ugomvi wangu ni na picha inayomwondoa mtu ili ukuta upendeze.

Wapo pia wanaosema tushukuru, ushenzi ule umekwisha, ndiyo maana majengo ni matupu. Hawa wamekosea hesabu. Mwaka 1955 hospitali za majimbo ya Marekani zilikuwa na wagonjwa zaidi ya 550,000. Dawa mpya zilipatikana, gharama zikapigiwa kelele, na mwaka 1963 Rais Kennedy akatia saini sheria ya kujenga vituo vya matibabu katika jamii. Vingi havikujengwa kamwe. Hospitali zilifungwa hata hivyo, na wagonjwa wengi wakaishia barabarani na magerezani, ambako wako hadi sasa. Hakuna anayepiga picha za kupendeza huko. Utupu wa korido una maana ya kwamba mgonjwa amehamishwa, na anayeusifu hajauliza amepelekwa wapi.

Butabika, hapa Kampala, ilifunguliwa mwaka huo huo wa 1955, na haijawa hame. Ina wagonjwa leo hii. Jina lake tunalitumia kutaniana, kama Watanzania wanavyotaniana kwa Mirembe ya Dodoma. Mwenzetu aliyewahi kulazwa huko, anapoketi nasi tukipitishiana picha hizo na kucheka, anasikia nini?