Rocket 3 Haihitaji Umati

Triumph Rocket 3 ina injini ya cc 2,458 iliyogawanywa katika silinda tatu. Silinda yake moja tu inameza ujazo wa bodaboda tano za cc 150 na bado inabakiza nafasi. Ikikauka mafuta yote ina uzito wa karibu kilo 290, tairi lake la nyuma lina upana wa milimita 240, na ilipoingia sokoni mwaka 2019 nchini Uingereza ilihitaji karibu pauni 20,000 mkononi. Ukiwauliza watu wanaofuatilia biashara ya pikipiki, wengi watakuambia bila kusita kwamba chombo cha namna hii hakina kesho. Watasema wanunuzi wake ni wazee, vijana wanataka vitu vyepesi, umeme unakuja, na kruza nzito zitazikwa pamoja na wanaozipanda. Naipinga imani hiyo. Imerudiwa mara nyingi hadi watu wameacha kuidai ushahidi.

Takwimu wanazoziegemea ni za kweli. Chama cha watengenezaji pikipiki cha Marekani kilipima umri wa kati wa wamiliki wa pikipiki nchini humo kikapata miaka 32 mwaka 1990, na miaka 50 mwaka 2018. Harley-Davidson, jina la kwanza linalokuja mtu anapotaja kruza, ilitoa kiwandani pikipiki 349,196 mwaka 2006. Mwaka 2024 ilikuwa imeshuka hadi karibu 150,000. Kiwanda chake cha Kansas City kilifungwa mwaka 2019. Hakuna anayeweza kuzipuuza namba hizo, na mimi sizipuuzi. Ninachokataa ni kuchukua msiba wa Harley na kumvisha kila mwenye injini kubwa na kiti cha chini.

Harley ilijijenga iwe kampuni ya kruza nzito kwa kila mtu. Ili mitambo yake, mawakala wake na wenye hisa wake katika soko la New York waridhike, ilihitaji kuuza mamia ya maelfu kila mwaka, na katika enzi ya mikopo rahisi kabla ya anguko la 2008 iliwapata wanunuzi hao. Wengi wao hawakuwa waendeshaji wa moyo. Mikopo ilipokauka waliondoka, na ni kuondoka kwao kunakosomwa leo kama kifo cha kruza. Lakini Rocket 3 haikuwahi kuwategemea. Haijawahi kutengenezwa ili iuzwe kwa umati, na anayeipima kwa kipimo cha umati amekosea kabla hajaanza kuhesabu.

Tazama nani anamlisha nani. Triumph ya Hinckley inaishi kwa Bonneville na Tiger, na tangu mwaka 2023 inaishi pia kwa pikipiki za cc 400 zinazoundwa na Bajaj huko Chakan, karibu na Pune. Ndiyo, Bajaj ileile ya Boxer inayobeba abiria Mbeya, Kisumu na Kampala. Mauzo ya Triumph yalivuka pikipiki 100,000 mwaka 2024, na mchango wa hizo ndogo ni mkubwa. Kampuni yenye msingi huo inaweza kuweka kileleni mashine moja ya ajabu inayonunuliwa na wachache, mradi wachache hao walipe bei inayostahili. Tena Triumph ni mali ya familia ya Bloor tangu John Bloor aliponunua jina lake mwaka 1983 kutoka kwenye mabaki ya kampuni iliyofilisika. Haina soko la hisa la kulijibu kila baada ya miezi mitatu. Hilo lina uzito kuliko umri wa mnunuzi, na sijui kwa nini halitajwi.

Kuhusu umri wenyewe, mantiki inayotumika inanishangaza. Hakuna mtu mwenye akili anayejifunzia pikipiki juu ya kilo 300. Chombo hiki hununuliwa na aliyeendesha miaka ishirini, aliyemaliza kulipa ada za watoto, anayejua mikono yake inaweza nini. Kwamba ana miaka 50 ni jambo la kutarajiwa; angekuwa na 22 ningeogopa. Na kila mwaka wapo wengine wanaotimiza 50. Swali la haki ni kama nyuma yao wapo wanaoanza leo kwenye cc 125 au cc 400. Wakikosekana hao, Rocket 3 itakufa, ila itakufa pamoja na kila pikipiki nyingine, na haitakuwa ya kwanza. Wakiwepo, baadhi yao watapanda ngazi hadi juu. Mauzo ya Speed 400, mojawapo ya zile za cc 400 zinazoundwa na Bajaj, kule India yanaihusu Rocket zaidi kuliko mvi za waendeshaji wa Harley.

Wanaoamini kifo hiki hupenda kutaja marehemu. Basi tuwafungue marehemu tuone walikufa na nini.

Wa kwanza ni Yamaha V-Max. Ilitoka mwaka 1985 ikiwa na injini ya V yenye silinda nne ya cc 1,198 na nguvu za farasi zipatazo 145, kiasi cha kutisha kwa wakati ule. Iliuzwa hadi mwaka 2007 bila mabadiliko makubwa. Miaka zaidi ya ishirini, kiunzi kilekile, sura ileile, na bado watu walinunua. Ni bidhaa gani ya chuma inayopewa uaminifu wa namna hiyo? Kisha ikaja mpya, toleo la 2009: cc 1,679, farasi karibu 200, kilo 310, na tangi la lita 15 tu kwa injini yenye kiu kama ile. Yamaha ikaiacha ilivyo hadi ilipoiondoa mwaka 2020. Katika miaka hiyo kumi na moja washindani walileta mifumo ya elektroniki inayojua pikipiki imelala kiasi gani kwenye kona, breki bora, uzito pungufu. V-Max haikupewa hata tangi kubwa zaidi. Mnunuzi aliombwa alipe bei ya 2020 kwa mashine ya 2009. Alipokataa, wakasema hayupo.

Wa pili ni Honda Valkyrie, na huyu kesi yake ni ngumu zaidi kwa upande wangu. Ile ya kwanza, iliyouzwa kuanzia 1996 hadi 2003, ilichukua injini ya silinda sita zilizolala ya Gold Wing, cc 1,520, ikawekewa kabureta sita, kila silinda na yake. Ilikuwa na sababu yake ya kuwepo: Gold Wing ilikuwa ya mzee wa safari ndefu, Valkyrie ilikuwa ya mtu anayetaka kuiona injini na kuisikia. Iliporudi mwaka 2014 na cc 1,832 haikudumu miaka mingi. Hapo ndipo wapinzani wangu husimama na kusema, unaona? Naona, lakini naona kitu kingine. Honda ilitengeneza Gold Wing iliyovuliwa nguo. Iliondoa masanduku, kioo cha upepo na redio, kisha haikuongeza chochote mahali pake. Injini ilikuwa ileile, tabia ileile. Mtu aliyesimama dukani mbele ya zile mbili alikuwa na haki ya kuuliza anapewa nini kwa kunyang'anywa.

Wa tatu anayetajwa ni Victory, kruza za kampuni ya Polaris ya Marekani. Polaris ilianza kuiuza mwaka 1998 ikaifunga Januari 2017. Lakini Polaris ilikuwa imenunua Indian mwaka 2011, jina la tangu 1901, na ikawa na watoto wawili wanaogombea titi moja: mawakala walewale, fedha zilezile za utafiti, mteja yuleyule wa Marekani. Mmoja alikuwa na historia ya zaidi ya karne, mwingine hana. Victory iliuawa na ndugu yake. Huko ni kugongana ndani ya nyumba, na hakuthibitishi kwamba mteja wa kruza nzito ametoweka, kwa sababu Indian iliendelea kumuuzia mteja huyohuyo.

Sasa turudi kwenye Rocket, kwa sababu nayo iliwahi kufa. Kazi ya kuibuni ilianza mwaka 1998, Triumph ikiwa na macho kwenye soko la Marekani. Mpango wa mwanzo ulikuwa injini ya cc 1,600. Wapinzani wakaendelea kupanua zao, Honda ikaja na VTX1800, na Hinckley ikaamua kuruka juu ya wote hadi cc 2,294. Rocket III iliyoanza kuuzwa mwaka 2004 ilikuwa kruza ya mavazi: usukani mpana wa kuvuta nyuma, miguu mbele, kromu tele. Nadhani hapo ndipo kosa la mwanzo lilipokuwa. Ilijaribu kuwa Harley kubwa, na anayetaka Harley hununua Harley. Walioipenda kwa dhati walikuwa watu wengine, waendeshaji waliotoka kwenye pikipiki za kasi, wenye viuno vilivyochoka kuinama, waliogundua kwamba injini hii inavuta kutoka resi za chini kabisa bila kuhitaji kushusha gia. Triumph iliwasikia taratibu. Mwaka 2010 ikaleta Rocket III Roadster, miguu imerudishwa chini ya mwili, kromu imepunguzwa. Baadaye uzalishaji ukasimama, na wale wa matanga wakafurahi.

Mwaka 2019 ilirudi ikiwa mashine mpya. Injini mpya kabisa, fremu ya alumini, uzito umepungua kwa kilo 40, farasi 165, na nyutoni-mita 221 za nguvu ya kuvuta. Mwaka 2024 matoleo ya Storm yakapandisha hadi farasi 180 na nyutoni-mita 225. Fikiria maana yake kibiashara. Injini ile haitumiki kwenye pikipiki nyingine yoyote ya Triumph. Kila senti ya kuisanifu, kuipitisha kwenye viwango vya moshi vya Euro 5 na kuiundia vifaa vyake ililipwa kwa ajili ya pikipiki hii peke yake. Familia inayotumia fedha zake yenyewe haifanyi hivyo mara mbili kwa kitu kisicho na wanunuzi.

Tofauti kati ya Rocket na V-Max, basi, iko kiwandani. Wote wawili walikuwa na mteja mmoja: mtu mzima anayetaka nguvu nyingi mahali pa chini, anayejua hana haja ya kumweleza yeyote kwa nini. Mmoja alitunzwa, mwingine akaachwa azeeke dukani.

BMW inanipa mfano wa katikati. R 1200 C yake ya 1997, ile ya kwenye filamu ya James Bond mwaka huohuo, ilifikia karibu pikipiki 40,000 kabla ya kuachwa mwaka 2004. Wakaja na R 18 mwaka 2020, silinda mbili za cc 1,802, kilo 345, farasi 91, sura yake ikiiga R 5 ya mwaka 1936. Ni nzuri kuitazama, na ufundi wake wa chuma nauheshimu. Lakini imejengwa juu ya kumbukumbu ambayo hata mtu wa miaka 70 hakuiishi. Ikiuzika vibaya, watasema tena kruza nzito imekufa, wakati kilichochosha ni kumbukumbu ya kuazima.

Imani hii inanikera kwa sababu inajitengenezea ushahidi. Wakala akishaaminishwa kwamba pikipiki nzito haina kesho, haagizi ya kuonyesha. Mteja hawezi kuijaribu, na hakuna anayetoa pauni 20,000 kwa chombo ambacho hajakikalia. Mwenye nayo akitaka kuuza anapewa bei ya hofu, na jirani yake akisikia bei hiyo anaahirisha kununua. Oda zinapungua, kiwanda kinasoma oda, na mtu wa hesabu anapiga mstari mwekundu. Kisha wale waliotabiri wanasema walijua.

Wanaosema fedha za kuunda pikipiki nzito zihamie kwenye umeme waitazame LiveWire, kampuni iliyozaliwa ndani ya Harley ili ijenge kesho hiyo. Mwaka 2024 haikufikisha pikipiki elfu moja za umeme zilizouzwa. Sisemi umeme hauna kesho; bodaboda za umeme za Nairobi na Kigali zinanionyesha unayo, kwa sababu pale mwendeshaji anahesabu akiba yake kila jioni. Mnunuzi wa starehe hahesabu hivyo. Yeye hununua mtetemo, sauti na uzito, na kumpa kitu kingine kwa sababu kinafaa zaidi ni kutomsikiliza.

Kitisho cha kweli ninachokiona ni sheria za moshi na kelele, ambazo kila baada ya miaka michache humlazimisha mtengenezaji aamue upya kama injini inastahili gharama ya kurekebishwa. Hapo ndipo mashine ya wachache huwa dhaifu, na hapo ndipo Honda ina kadi ambayo hakuna mwingine anayo. Gold Wing ya sasa ina silinda sita zilizolala, cc 1,833, na toleo lenye klachi mbili na gia saba zinazojibadilisha zenyewe. Ilipoundwa upya kwa mwaka 2018 ilipunguziwa makumi ya kilo. Injini hiyo itaendelea kurekebishwa ili ipite sheria kwa sababu Gold Wing yenyewe inadai hivyo, na gharama imeshalipwa. Honda iichukue, iipe fremu yake yenyewe, tangi la kutosha, usukani wa chini, breki za pikipiki ya kasi, na iache kuiita Gold Wing iliyopunguzwa. Iwape mawakala moja kila mmoja kwa ajili ya watu kuijaribu, kwa mwaka mzima, kabla ya mtu yeyote kuhesabu oda.