SINEMA ZETU: Mabaharia wa Indianapolis

Watu wengi waliisikia habari ya manowari Indianapolis kwa mara ya kwanza katika sinema ya samaki. Mwaka 1975 ilitoka ile sinema mashuhuri iitwayo Jaws, habari ya papa mkubwa alaye watu pwani. Katikati yake mvuvi mmoja mzee, aliyeigizwa na Robert Shaw, aketi chomboni usiku na kuwasimulia wenzake wawili jinsi alivyookoka meli yake ilipozama vitani. Bahari ya siku zile haionyeshwi hata kidogo. Twaona uso wake tu na kusikia sauti yake. Hata hivyo watazamaji wote hunyamaza. Kwa maoni yangu, sinema zilizotengenezwa baadaye juu ya msiba huo hazijayapita masimulizi yale ya dakika chache, ingawa yana makosa. Mvuvi ataja mwezi wa Juni, na kweli ilikuwa Julai. Tena asema kwamba ishara ya hatari haikutumwa, kwa ajili ya siri ya safari yao. Lakini waokokaji walishuhudia kwamba ishara zilitumwa, na mzigo wa siri ulikuwa umekwisha kufikishwa.

Mzigo huo watuhusu sisi wa Kongo. Tarehe 16 Julai 1945 Indianapolis iliondoka San Francisco ikiwa imechukua sehemu za bomu la atomi. Tarehe 26 ikazishusha katika kisiwa cha Tinian. Ndilo bomu lililotupwa Hiroshima tarehe 6 Agosti. Na sehemu kubwa ya urani waliyoitumia Wamarekani katika kazi ile ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, katika Katanga. Mabaharia hawakujua wamebeba nini. Na mchimbaji wa Katanga angejulia wapi?

Baada ya kushusha mzigo, manowari ikapitia Guam, ikashika njia ya Leyte, Ufilipino, peke yake, bila meli ya kuisindikiza. Usiku wa manane wa kuamkia tarehe 30 Julai, torpedo mbili za Wajapani zikaipiga, ikazama kwa dakika 12. Walikuwamo watu 1,195. Karibu 300 walizama nayo, wengine wakabaki wakielea baharini. Kule Leyte hakuna aliyetoa habari kwamba meli haijafika! Tarehe 2 Agosti rubani wa ndege ya doria akawaona kwa bahati tu. Waliookoka ni 316.

Mwaka 1991 msiba huu ulifanyiwa filamu ya televisheni, Stacy Keach akiigiza nahodha. Mwaka 2016 ikatoka sinema kubwa zaidi ya Mario Van Peebles, ambamo Nicolas Cage ni nahodha yuleyule. Hii ya pili ilipigwa picha pamoja na meli ya vita ya zamani, Alabama, iliyohifadhiwa mjini Mobile ili watu waitazame. Mtengeneza sinema ana shida gani hapa? Meli kuzama ni dakika 12, nayo yaonyeshwa vizuri kwa moto na kishindo. Lakini siku zile za kuelea, watu wakingoja bila neno lolote kutokea, utazipigaje picha? Basi huitwa papa. Ni kweli papa walikuwapo, na waliwala watu. Walakini wengi waliuawa na majeraha, jua, kiu, na maji ya chumvi waliyoyanywa hata wakarukwa na akili. Kiu haina meno ya kuonyesha, na papa waliochorwa kwa kompyuta mwaka 2016 wajulikana upesi kuwa si samaki.

Mimi ningalitaka kamera imfuate mtu mmoja, Padri Thomas Conway wa jimbo la Buffalo, padri wa meli. Siku zile zote aliogelea kutoka kundi hili hadi lile, akisali na mabaharia, akiwarudisha waliokuwa wakielea mbali na wenzao, akiwatia moyo wanaokufa. Mwishoni nguvu zikamwishia, akafa kabla ya waokoaji kufika. Nishani kubwa ya Navy Cross alipewa mwaka 2021, miaka 75 na zaidi baada ya kufa kwake.

Nahodha Charles McVay aliokoka, na mwezi wa Desemba 1945 akashtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi kwa kosa la kutopindisha-pindisha njia ya meli yake. Sinema ya 2016 yaonyesha kesi hiyo. Wamarekani walimleta hata adui aliyeizamisha meli, Mochitsura Hashimoto, awe shahidi. Naye akasema kwamba kupindisha njia kusingaliiokoa. Hata hivyo McVay alihukumiwa. Kwa miaka mingi jamaa za wafu walimwandikia barua za uchungu, na mwaka 1968 alijiua.

Wanafunzi, someni hapa kwa makini. Mwaka 1996 mtoto wa shule wa Florida, Hunter Scott, aliitazama Jaws, akasikia masimulizi ya yule mvuvi, akayafanya kuwa kazi yake ya historia. Akawatafuta waokokaji, akakusanya ushuhuda wao, hata akafika mbele ya maseneta. Hashimoto naye, akiwa mzee, alimwandikia seneta John Warner kumtetea McVay. Mwezi wa Oktoba 2000 Bunge la Marekani likatamka kwamba nahodha hana hatia katika kupotea kwa meli yake. Hashimoto akafa mwezi huohuo.

Kwa wazazi: sinema ya 2016 ina damu nyingi na matusi ya askari, haifai watoto wadogo. Vijana wakubwa waitazame pamoja na baba au mama. Jaws nayo ni ya kutisha. Mkiwa nayo nyumbani, wangojeni wadogo walale kwanza.