Vijia vya Baiskeli Upare: Jasho la Nani, Matunda ya Nani?

Wasafiri wengi wanaopita barabara kuu ya Moshi kwenda Tanga huiona Milima ya Upare kupitia dirisha la basi tu. Mji wa Same, makao makuu ya Wilaya na ya Jimbo letu, kwao ni mahali pa kununua maji na kuendelea na safari. Lakini wapo wageni wanaoiacha lami na kupanda: waendesha baiskeli za milimani, ambao makampuni ya utalii huwaletea safari za siku kadhaa kupitia Upare hadi Usambara. Hapo ndipo linapozuka swali linalostahili tafakari ya pamoja. Ikiwa vijiji vyetu vitachonga vijia kwa ajili ya baiskeli, na kuandaa siku ambazo wageni na vijana wetu wataendesha pamoja, vifanye hivyo kwa masharti gani?

Mchezo huu si jambo la kubezwa. Mwezi Septemba 2025 Kigali ilipokea Mashindano ya Dunia ya mbio za baiskeli za barabarani, yaliyofanyika Barani Afrika kwa mara ya kwanza. Jijini Nairobi, Msitu wa Karura, ambao Wangari Maathai na wenzake waliutetea dhidi ya wanyakuzi wa ardhi mwishoni mwa miaka ya 1990, leo una vijia vya waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Mama Kanisa naye hajakaa mbali: mwaka 1949 Papa Pio XII alimtangaza Bikira Maria wa Ghisallo kuwa msimamizi wa waendesha baiskeli, na mwaka 2021 Vatican ilipokelewa katika Shirikisho la Kimataifa la mchezo huo. Furaha ya mwili wenye afya ni zawadi ya Mungu. Hata hivyo, zawadi hupokelewa kwa busara, na kwa Upare tunaona mambo matatu ya kupima.

La kwanza ni udongo na maji. Kilele cha Shengena, chenye urefu wa meta 2,463, kimo ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Chome. Kutoka misitu hiyo hushuka maji yanayojaza ndiva zilizochimbwa na wazee wetu, na kunywesha mashamba ya tangawizi, ndizi na mahindi hadi tambarare. Milima hii inatoa uhai, lakini ni dhaifu. Mwezi Novemba 2009, baada ya mvua kubwa, maporomoko ya udongo huko Mamba Miamba yaliua watu zaidi ya 20, na familia nyingine kupoteza watoto na wazazi kwa usiku mmoja. Kwa hiyo kijia kinachochongwa kunyooka kuelekea bondeni si njia tena, bali ni mfereji unaongoja masika. Wajenzi wenye ujuzi hukipitisha kijia ubavuni mwa mlima, mwinuko wake usizidi nusu ya mwinuko wa ubavu wenyewe. Hukiinamisha kidogo upande wa bonde, na kila baada ya hatua kadhaa huweka kishuko kifupi ili maji yatoke kabla hayajapata nguvu. Mkulima aliyelima matuta miaka yote hahitaji kufundishwa maana ya jambo hili. Yeye ndiye angepaswa kuulizwa kwanza kijia kipite wapi. Na ndani ya hifadhi, hakuna jembe linaloweza kuinuliwa pasipo kibali cha mamlaka ya misitu.

La pili, na kwa maoni yetu ndilo zito kuliko yote, ni haki. Sisi Upare tunao urithi wa msaragambo: ngoma au mbiu ikilia, kila kaya hutoa mtu, na mfereji, barabara au darasa hujengwa bila malipo. Urithi huu ni mtakatifu kwa sababu matunda yake ni ya wote. Ole wetu ikiwa wajane na vijana wataitwa msaragambo kuchonga kijia, kisha kampuni iliyo mjini ikusanye ada za wageni, na kijiji kibaki na vumbi! Papa Leo XIII, katika Waraka wa Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha wazi haki ya mfanyakazi kupata ujira unaostahili. Basi kanuni iwe rahisi: kijia kikiwa cha kampuni, wachongaji walipwe mshahara; kikichongwa kwa msaragambo, kiwe mali ya kijiji, na ada yake iingie katika hesabu zinazosomwa mbele ya mkutano mkuu wa kijiji.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaupa mkutano huo nafasi yake. Mafundisho Jamii ya Kanisa huliita jambo hili kanuni ya auni: linaloweza kuamuliwa na jumuiya iliyo karibu lisinyakuliwe na walio juu. Wilaya yetu inajua gharama ya kuamuliwa. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walishuka milimani hadi Same kuipinga kodi ya mbiru. Mwaka 1988 wafugaji waliondolewa Mkomazi, na machungu yake hayajasahaulika. Ridhaa ya watu haitafutwi baada ya kazi kuanza.

La tatu ni siku yenyewe. Maneno “mwisho wa juma” yana uzito wa pekee Upare, ambako Wakatoliki, Walutheri, Waislamu na Waadventista Wasabato, waliofika mwaka 1903, huishi katika kitongoji kimoja, mara nyingi katika ukoo mmoja. Msafara wa Jumamosi asubuhi humwacha nje jirani Msabato. Wa Dominika asubuhi huwatoa vijana wetu katika Misa Takatifu. Papa Yohane Paulo II, katika Barua yake Dies Domini ya mwaka 1998, aliitetea Siku ya Bwana kama siku ya ibada, pumziko na furaha. Tunapendekeza Dominika alasiri, baada ya ibada, au sikukuu za Sabasaba na Nanenane zisipoangukia siku ya ibada. Hizo huja wakati wa kiangazi, ambapo kijia kikavu hakiharibiki upesi.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji atapona ikiwa binti wa Mbaga atakuwa mwongozaji, kijana wa Chome atakuwa fundi wa baiskeli, na mama wa Mamba atauza chakula kwa bei halali. Na ikiwa baiskeli chache zitabaki kijijini ili nao wenyeji wapande. Parokia zetu zina viwanja na kumbi, na zinaweza kuwapokea wageni bila kujifanya wamiliki wa mradi. Tunaziomba Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zilijadili suala hili mapema, na waamini wahudhurie mkutano mkuu wa kijiji siku litakapowekwa mezani, wakiwa na swali moja midomoni: hesabu zitasomwa lini, na nani atazisoma?