JIWE MOJA, MADINI MENGI

Wako watu wasemao kwamba elimu ya miamba ni ya wataalamu peke yao, na kwamba mfanyakazi atosheke na sululu na mshahara wake. Sisi hatukubali. Yafaa kila mwananchi afahamu kilicholala chini ya Kabanga, wilayani Ngara.

Zaidi ya miaka milioni 1,300 iliyopita, mwamba ulioyeyuka kwa moto ulipanda kutoka vilindini mwa dunia, ukapenya miamba ya matope ya kale yenye salfa. Ukaila salfa hiyo mpaka ukashiba. Iliyozidi ikajitenga kama mafuta yajitengavyo na maji, ila matone yake yalikuwa mazito, yakazama. Na kwa kuwa nikeli, shaba na kobalti huipenda salfa mno, zote zikaingia katika matone hayo pamoja na chuma kingi. Ndiyo sababu jiwe la Kabanga lina nikeli karibu sehemu 2 katika mia, na shaba na kobalti chini ya hapo, zote zimeshikamana. Hakuna sululu iwezayo kuchimba nikeli peke yake.

Basi hapo ndipo penye hatari. Anunuaye jiwe kwa jina la madini ya aina moja aweza kuyapata mengine bure.

Tuwatazame jirani zetu wa Uganda. Kule Kilembe shaba ilichimbwa tangu 1956 hadi 1982. Kobalti yake, iliyofungamana na chuma na salfa, ilirundikwa Kasese, tani kiasi cha milioni moja. Hewa na mvua vikigusa salfa ya namna hiyo huzaa tindikali. Maji yakatiririka hadi mbuga ya Queen Elizabeth, yakiunguza majani njiani. Mwaka 1999 ndipo kiwanda kilipoanza kuitoa kobalti hiyo kwa kutumia vijidudu vilavyo salfa. Miaka yote hiyo mali ilikuwa ikiharibu ardhi!

Nasi hatujasahau Machi 2017, makinikia ya dhahabu na shaba yalipozuiwa kusafirishwa, na makontena 277 yakakaa bandarini huku taifa zima likiulizana mna nini ndani.

Mwaka 2021 Serikali ilitia saini mkataba uliolipatia taifa hisa 16 katika kila mia za Tembo Nickel, pamoja na mpango wa kusafisha madini Kahama. Mpango huo tunauunga mkono kwa nguvu zote. Lakini ikiwa makinikia yatatangulia bandarini kabla ya kiwanda kusimama, tunataka kila shehena ipimwe madini yake yote, vijana wetu wakiwa maabara, na hesabu ibandikwe mahali ambapo mchimbaji aweza kuisoma. Tena watu wa Ngara waambiwe mapema mabaki yenye salfa yatawekwa wapi, na nani atayalinda masika yakija, kwa maana maji ya huko huingia Ruvubu na Kagera, na Kagera humwaga Ziwa Viktoria.