Simu za Kibodi Zimerudi na Bei ya Loresho: Ni Yako ama Wachana Nayo?

Wasee, kuna kitu kimerudi. Wale wa enzi za BBM mnazijua: simu zenye kibodi ya ukweli, vitufe unavibonyeza vinalia tiki-tiki, na vidole gumba viwili vinakimbia kama vya karani wa mahakama. Tulizizika kitambo. Sasa zimefufuka, na zinaitisha zaidi ya 50K.

Mbili ndizo zinaongelewa sana. Ya kwanza ni Unihertz Titan 2 kutoka China, iliyoanza kuchangiwa pesa kwa Kickstarter mwaka 2025. Bei yake ya kawaida ni dola 399. Ya pili ni Clicks Communicator, iliyotangazwa Januari 2026 kwa dola 499. Hii ya pili imeletwa na kina Michael Fisher na Kevin Michaluk, watu ambao wameongea mambo ya BlackBerry kwa mtandao miaka mingi. Zote mbili ni Android, kwa hivyo WhatsApp, M-Pesa na X zinaingia bila shida.

Swali la Kanairo ni moja: hii kitu inamsaidia nani?

Ilikufaje kwanza?

Kumbuka mambo yalivyokuwa. Karibu miaka kumi na tano iliyopita, kuwa na BlackBerry Curve tao ilikuwa cheo. Kama doo haikutosha, ulijipanga na Nokia E63 ama C3, na bado uliheshimika. Halafu 2011 Safaricom ikaleta Huawei Ideos ya kugusa skrini kwa chini ya KSh 9,000, na mchezo ukabadilika. Skrini ikakua kubwa, vitufe vikanyimwa nafasi.

BlackBerry yenyewe iliondoka polepole. BBM ya wananchi ilizimwa 31 Mei 2019. Kampuni ya TCL, iliyokuwa ikitengeneza simu zenye hilo jina, ikaacha kuziuza Agosti 2020. Tarehe 4 Januari 2022, huduma za BlackBerry za zamani zikakatwa kabisa. Kama unayo moja kwa droo, hiyo ni kumbukumbu tu.

Kwa nini zirudi saa hii?

Sababu ni uchovu. Watu wamechoka kufungua simu wajibu meseji moja, halafu wanashtuka ni saa saba usiku na wako video ya mia mbili. Watengenezaji wa simu hizi wanakuambia wazi: hii ni simu ya kuandika na kujibu, sio ya ku-scroll. Clicks hata wanasema inaweza kuwa simu yako ya pili, ya kazi, ukiacha ile kubwa nyumbani.

Ni wazo poa. Lakini tuiangalie kwa macho ya hapa kwetu.

Picha ya kwanza: skrini

Titan 2 ina skrini ya mraba, inchi 4.5, na kibodi chini yake. Barua pepe na dokyumenti zinakaa vizuri kwa mraba. Video za TikTok je? Hizo zimerekodiwa ndefu, kwa hivyo unapata kavideo kadogo katikati na giza pande zote mbili. Kama unataka kupunguza TikTok, hiyo ni dawa. Kama kazi yako ni content, umejifunga miguu mwenyewe.

Jambo lingine, programu nyingi zimechorwa zikitarajia skrini ndefu. Kwa mraba, kitufe cha "tuma" kinaweza kujificha chini hadi u-scroll. Kwa mtu anayetuma pesa mara ishirini kwa siku, hayo sio mambo madogo.

Kibodi na Sheng

Hapa sasa ndo naona raha yenyewe. Unajua vile simu ya kugusa inapigana na Sheng. Unaandika "manze," yenyewe inadhani umekosea Kizungu. Unaandika "wasee," inakuletea neno hata hulijui. Kibodi ya vitufe inaandika kile kidole kimebonyeza, basi. Na ukizima marekebisho ya otomatiki hubaki umelemaa, kwa sababu vitufe unavihisi na huhitaji kusahihishwa kila neno. Kwa mwandishi, wakili, mtu wa customer care ama yule admin wa kila grupu ya harambee, hiyo ni afueni.

Ina kasoro moja ya Kiswahili. Kibodi hizi ndogo huficha alama ya ritifaa nyuma ya kitufe kingine. Sisi tunaihitaji kila saa: ng'ombe, ng'ang'ana, Murang'a. Jipange kubonyeza mara mbili ama uandike "ngombe" kama kawaida yako.

Titan 2 ina nafasi ya laini mbili, na betri ya 5,050 mAh. Kwa Mkenya mwenye laini ya M-Pesa na nyingine ya bando za bei nafuu, hapo wameweza.

Sasa tuongee doo

Dola 399 kwa KSh 129 ni kama KSh 51,500. Dola 499 ni kama KSh 64,400. Hiyo ni kabla ya usafiri na kabla serikali haijanyoosha mkono. Simu inayoingia kutoka nje inalipiwa VAT ya asilimia 16, excise duty ya asilimia 10, na forodha na ada zingine juu yake.

Usidanganywe pia na ile hadithi ya IMEI. Ni kweli KRA walitaka wasafiri watangaze namba za IMEI kuanzia 1 Januari 2025, na ni kweli Mahakama Kuu ilitupa mpango huo Julai 2025. Lakini korti ilizima ukusanyaji wa namba. Ushuru wenyewe uko pale pale.

Halafu kuna fundi. Tecno, Infinix ama Samsung ikipasuka kioo, unashuka Luthuli Avenue na jioni uko sawa. Ukipasua skrini ya mraba ya Unihertz, usitarajie fundi ataitoa kwa droo. Utaagiza nje, utangoje, na hapo katikati unatumia simu gani?

Loresho na majirani

Chukua Loresho kama mfano. Ni mtaa wa mageti, miti na mbwa wa kulindia. Lakini umepakana na Kangemi, na Kibagare iko hapo hapo. Msee wa Loresho anaweza kutoa 60K apate simu yenye vitufe na kelele kidogo. Ukivuka tu kwenda kwa jirani, utapata mama mboga na kabambe yenye vitufe, betri ya siku kadhaa, na hakuna TikTok. Huyo mama hajawahi kutoka kwa hiyo "simu ya utulivu" inayouzwa kama kitu kipya. M-Pesa yenyewe ilizinduliwa Machi 2007 ikiendeshwa kwa simu kama yake, na mpaka leo *334# inafanya kazi.

Ajabu ni kwamba yeye anakimbilia upande ule mwingine. Anataka smartphone, ndiyo apokee oda kwa WhatsApp na mtoto afanye homework. Ndiyo maana Lipa Mdogo Mdogo ya Safaricom, iliyoanza 2020, ilipata wateja: unalipa kidogo kidogo kila siku, na ukikwama simu inafungwa. Ndiyo maana pia kiwanda cha Athi River kilifunguliwa Oktoba 2023 na simu ya Neon Smarta kwa KSh 7,499. Kwa bei ya Titan 2 moja kabla ya ushuru, unanunua Neon Smarta sita na chenji inabaki.

Kwa hivyo mmoja analipa atoke mtandaoni, mwingine anakopa aingie. Ukiambiwa dunia nzima imechoka na smartphone, uliza kwanza ni dunia ya nani.

Uamuzi

Nunua kama unaandika kutwa, una simu nyingine ya kukushikilia, na 50K haitagusa rent. Pia kama macho yanakusumbua na unataka kuhisi herufi kwa kidole, itakusaidia.

Wachana nayo kama simu ni moja na ndiyo duka, kamera na benki yako. Na kama shida yako ni ku-scroll tu, kabambe ya 2K ya weekend itakufunza nidhamu ile ile. Ile 48K inayobaki, peleka kwa sacco.

Wewe je, ungerudi kwa vitufe ama kidole chako kishaharibiwa na kioo?