Kelele si picha

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, na leo nimerudi na hasira kidogo. Mnivumilie.

Kwa wageni: mimi huandika programu za kompyuta, na pia huhariri sauti za vipindi na mahojiano. Macho yangu hayaoni. Naishi Umoja karibu na Moi Drive, kwa hivyo kelele nazijua kwa majina: besi ya matatu, honi, jirani anayechomelea mageti, na friji yangu mwenyewe.

Kuziondoa ni kazi ya masikio. Kwanza sogeza maiki. Ukiitoa sentimita 60 kutoka mdomoni hadi 15, sauti ya msemaji hupanda kama desibeli 12, na kelele ya chumba hubaki palepale. Besi ya matatu naikata kwa chujio: kila kilicho chini ya mitetemo 80 kwa sekunde kinatoka. Mvumo wa friji haubadilikibadiliki, basi Audacity inaumudu. Nachagua sekunde mbili ambazo hakuna anayeongea, programu inaujifunza mvumo, halafu napunguza desibeli 6 na kusikiliza. Ukizidisha, msemaji anasikika kama yuko ndani ya mtungi. Yote nafanya kwa kibodi, NVDA ikinisomea skrini. Zote mbili ni za bure.

Honi ndiyo shida. Inalia mara moja na kwenda zake, hakuna cha kujifunza. Kuna programu za pesa nyingi zinazochora sauti kama picha, nawe unaizungushia honi alama kwa kipanya na kuifuta. Niliyonunua mimi, jina silitaji, NVDA iliisoma hivi: kitufe, kitufe, kitufe. Kitufe cha nini?

Nilikuwa na mahojiano ya shosho mmoja wa Kaloleni. Alikuwa ameshafariki, hakuna kurudia. Alipotaja jina la mwanawe aliyepotea, matatu ikapiga honi. Nikamwita mpwa wangu anishikie kipanya. Akafuta, akasema, "Anko, sasa iko safi kabisa." Nikasikiliza. Honi imekwenda, na jina limekwenda nayo. Picha ilikuwa safi! Nikarudisha faili ya kwanza, honi na yote.

Sasa nyinyi waandishi wa programu wenzangu. Mnasema wasioona ni wachache. Kukipa kitufe jina ni mstari mmoja tu, na mnaujua. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 54, inampa mlemavu haki ya kupata vifaa vya kushinda vikwazo vya ulemavu wake. Kitufe kisicho na jina ni kikwazo kipya, na mmekijenga nyinyi.

Wengine mtasema mashine itasafisha yenyewe. Sawa, RNNoise ipo tangu 2017 na inasaidia. Lakini ni nani atakayesikia kwamba imemeza jina la mtu? Mwenye masikio. Mbona basi mnamfungia mlango?

Kabla ya kutoa toleo lenu lijalo, zimeni skrini, washeni NVDA, mjaribu kufuta honi moja. Mkishindwa, programu haijaisha.

Haya, friji imenyamaza. Acha nirekodi.